Mpira Wenye Mkia

Kiilu alibonyeza kitufe cha kupiga. Mchezaji kwenye skrini akasimama, akafikiria mambo yake, kisha ndipo akainua mguu. Wakati huo beki alikuwa ameshaondoka na mpira.

"Uchafu!" Kiilu aliitupa padi ya gemu kwenye kaunta. "Hii kitu ni uchafu!"

"Pole pole na kaunta yangu, boss," Waithaka alisema. Ndiye mwenye hilo duka la vifaa vya umeme mjini Wote, na ulimi wake haujawahi kukosa sifa ya kitu chochote chenye bei. "Hiyo TV iko na game mode. Weka game mode kwanza."

Kiilu akaiweka. Picha ikageuka buluu kidogo, basi. Alibonyeza tena, mchezaji akachelewa vilevile. Kilichomuudhi zaidi ni mpira wenyewe: kila ulipopigwa uliacha mkia nyuma yake, kama mjusi. Ilimbidi ageuze macho kando.

Mama yake, Wayua, alikuwa ameketi kwenye stuli kando ya mafriji, daftari gotini. Lilikuwa daftari la mwethya, kikundi cha akina mama wa kanisa lao wanaosaidiana kuchimba matuta na kununuliana vyombo vya nyumba. Yeye ndiye katibu.

"Inachelewa, mpira uko na mkia," alisema akiandika. "Ingine?"

"Mwaitu, hiyo haitoshi? Tuangalie ingine."

"Nimekuuliza, hii iko na nini ingine mbaya."

Jana, wakati wa chai, ndiye aliyemwambia: kesho twende Wote na hiyo mashine yako ya gemu, unisaidie kujua TV za kuchezea. Kiilu nusura amwage chai. Mashine alikuwa nayo, ya mtumba, lakini TV ya nyumbani ni ile ya zamani yenye kisogo, haina hata tundu la kuchomeka waya wake. Kwa hiyo siku zake zote zilikuwa zinaishia kwa Musyimi, katika chumba chake cha gemu za kulipia nyuma ya soko, kinachonuka soksi na chipsi za jana, vijana wazima wakibanana kwenye benchi kungoja zamu.

Kisha Jumamosi stima ikarudi kwa nguvu na kuunguza TV ya Musyimi. Kesho yake Musyimi alisimama kanisani, mkono kifuani, akaomba ndugu wamsaidie ainuke tena. Akina mama walisema amina kwa sauti mpaka Kiilu akashangaa, maana ni hao hao waliokuwa wakitema mate wakipita mlangoni pake, wakilalamika kwamba anawatorosha wana wao shambani.

Tangu hapo Kiilu hajagusa gemu, na vidole vilikuwa vinamwasha. Mvua ilikuwa karibu, matuta ya shamba hayajaguswa, na ajabu ni kwamba wiki nzima mama yake hakuwa ametaja jembe hata mara moja. Kiilu aliuona ukimya huo kuwa ni upendo. Basi angalau apewe TV ya maana! Si takataka hii iliyobandikwa jina la kampuni kubwa, herufi moja ikiwa imebadilishwa makusudi.

"Maandishi yako na ukungu," alisema. "Huwezi soma dakika ngapi zimebaki. Sauti nayo, ni kama mtu ameongea akiwa ndani ya debe."

"Mtu akicheza na hii siku mzima, atasikia aje?"

"Kichwa itapasuka. Anaweza tapika."

"Ni wewe tu, ama mtu yeyote?"

"Yeyote! Hata wale wanajifunza. Hakuna mtu najua anaweza kaa mbele ya hii kitu lisaa limoja."

"Na fundi hawezi gusa mahali ikae sawa?"

"Aguse wapi? Imezaliwa hivyo."

Wayua alipiga mstari chini ya jambo fulani katika daftari.

"Lakini mama," Waithaka aliingilia, jasho likimtoka, "kwa habari na nyimbo za injili, hiyo ni safi kabisa."

Wayua alimgeukia mwanawe. "Ni ukweli?"

"Kwa habari, sawa," Kiilu alisema huku amekunja pua. "Mahubiri, sawa. Mhubiri hakimbii."

Akahamisha mashine yake hadi TV nyingine iliyotundikwa ukutani, ndogo kidogo, ya kawaida tu. Akabonyeza. Kidole na mguu wa mchezaji vikaenda pamoja. Mpira ukaruka ukiwa mviringo, bila mkia, ukaingia wavuni. Kiilu alicheka peke yake kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. Alishaiona nyumbani, juu ya meza, na yeye mbele yake.

"Hii, Mwaitu! Hii haina makosa hata moja."

Wayua hakuandika chochote. Alifunga daftari, akasimama, akanyoosha leso yake.

"Waithaka, nifungie ile ya kwanza."

"Mwaitu! Si nimekuambia..."

"Nimesikia yote. Nimeandika."

Waithaka alikuwa ameshaleta kamba. Alilifunga boksi mbio mbio kabla mteja hajabadilisha nia, kisha akatoa kitabu cha risiti. Nje, mbele ya duka, akina mama wanane wa mwethya walikuwa wamefika, wote katika leso za kijani za kikundi.

"Risiti niandike jina la kijana?" Waithaka aliuliza.

"Andika Musyimi," Wayua alisema, huku wenzake wakianza kuimba. "Zawadi kutoka kwa mama za vijana wanaocheza kwake."