Tanga Dogo la Mbele

Mgeni aliingia karakanani bila hodi. Bi Mwanakombo, mshona matanga, alimtambua papo hapo: ndiye mwanamume aliyemwacha mume wake yeye afe baharini, akajiokoa. Mgeni hakumjua.

“Mama, nataka tanga la mbele. Lile kubwa.”

“Unasafiri na nani?”

“Peke yangu. Mwenzangu wa mwisho alikuwa mzigo, nikawaachia papa,” akacheka.

Dhoruba moja tu, na tanga lile lingempindua. Bi Mwanakombo alilishika, tayari kumpa. Lakini mumewe alishamwapisha: asafiriye peke yake asiuziwe tanga kubwa.

Dogo lilikuwapo moja tu, la marehemu mumewe, ambalo Bi Mwanakombo hujifunika akilala.

“Chukua hili. Bahari ikichafuka, litakurudisha.”

“Kuukuu hivi?”

Akalitupa begani, akaondoka, ncha yake ikiburuzika vumbini.