Lori Lisilorusha Maji

"Bibi, kitendawili!" Marlys alisema, akiendesha gari tukiteremka kutoka Silverton, mji wa milimani, korongo refu likiwa kulia kwetu.

"Tega."

"Barabara imelowa, lakini lori la mbele limeacha kurusha maji. Kwa nini?"

Nikatazama magurudumu yake. Muda mfupi uliopita yalikuwa yakitupaka tope kioo kizima. Sasa yalizunguka makavu juu ya lami inayong'aa.

"Maji yameganda kuwa barafu, mjukuu wangu. Toa mguu kwenye mafuta. Breki usiiguse!"

"Acha kunitisha, Bibi."

"Marlys!"

Akatoa mguu.

Mbele, taa za breki za lori zikawaka. Likateleza, likageuka polepole, bila mlio, mpaka nikamwona dereva uso kwa uso, akitupungia mikono yote miwili tusimame.