Somo la Ushahidi

Ngumi ya kwanza ilimpata mwalimu mdomoni, chaki ikamdondoka, na darasa zima likatulia tuli kama lilivyoagizwa.

Hakushangaa. Alikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, somo Uraia, mada ushahidi, na uvamizi huo aliupanga mwenyewe. Mtu aliyefunika uso aingie, ampige ngumi moja, amkunje shati, amsukumesukume, atoke mbio. Kisha wanafunzi waseme walichokiona, wabishane, wajifunze kwamba macho nayo hudanganya.

Jana aliwaandaa vizuri. "Kesho ataingia mtu kajifunika kofia ya sufu usoni, atanipiga. Ni igizo. Asiinuke mtu, asipige mtu kelele." Watoto wakaondoka wakicheka, wakaisambaza habari mtaa mzima. Mlinzi wa getini naye aliambiwa: mwenye kofia apite. Kazi ya kuvamia alipewa shemeji yake, kaka wa mkewe.

Ngumi ya pili ikatua mbavuni. Hiyo haikuwemo kwenye mpango.

"Taratibu, shemeji," alinong'ona.

Akajibiwa kwa goti la tumbo.

Hapo akaelewa. Juzi alimzaba mkewe kofi, na mambo ya ndani hayakawii kufika ukweni. Ndiyo maana shemeji alilikubali igizo kwa bashasha. Kumbe alikuwa na lake jambo!

Angeweza kupiga yowe. Lakini dawati la nyuma alikaa mkufunzi wa chuo, miwani puani, akimpa alama. Mama huyohuyo alimfelisha mwaka jana: "Darasa lako limepoa, kijana." Akifeli tena, chuo kwaheri, ualimu kwaheri. Yowe moja tu, somo limevurugika. Akauma meno. Mkufunzi alikuwa anatabasamu.

Mvamizi akamburuta hadi dawati la mbele, lililokuwa tupu. Mwenye dawati, binti mdogo asiye na makuu, hajaonekana tangu Jumatatu, siku aliyochapwa viganja kwa kupiga soga katikati ya mada ya haki za mtoto. Mwalimu alimchapa mpaka fimbo ikavunjika. Adabu kwanza, haki baadaye, aliwaambia siku ile.

"Mkono upi?" Sauti ilitoka imefifia ndani ya sufu.

"Shemeji, tuyamalize nyumbani..."

"Nimekuuliza, mkono upi?"

Kabla hajajibu, mkono wa kulia ulishalazwa juu ya dawati. Kiti kikashuka. Kikapanda, kikashuka tena. Vidole vikaalika kama kuni kavu, damu ikatapakaa kwenye mbao. Msichana mmoja akaanza kulia. Jirani yake akamziba mdomo. "Nyamaza. Mwalimu kasema tusipige kelele."

Mvamizi akaweka kiti chini, akatoka. Hakukimbia.

Mwalimu akajiinua kwa kuegemea ubao, mkono kaukumbatia kifuani. Maumivu yalimpanda hadi kichwani, na hasira ilizidi maumivu. Leo leo angemrudisha mke kwao, akakae na kaka yake huyo! Lakini alama kwanza. Akatafuta sauti yake ya kazi.

"Haya. Ushahidi. Nani... nani kaona nini?"

Mikono ikanyooka kila upande.

"Alikuwa mrefu!"

"Mfupi, mwalimu! Huyu muongo!"

"Alivaa ndala."

Kiranja wa darasa alisubiri zamu yake, akasimama. "Mwalimu, alikuwa analia."

Mkufunzi akashindwa kujizuia, akapiga makofi. "Darasa lililo hai ndilo hili!" alisema. "Na hiyo damu mmeitengenezaje?"

Mlango ulisukumwa, na shemeji yake akasimama kizingitini, anahema, kofia ya sufu mkononi.

"Nisamehe, shemeji. Mlinzi wenu kanizuia getini muda wote huu, ananibishia eti mwenye kofia ameshaingia."