Taa Nyekundu kwa Wavinya

Kijiti kiliwaka taa nyekundu tena. Wavinya alikitoa kwenye mkebe wa maziwa, akakifuta kwa kitambaa safi, akakitumbukiza upya. Nyekundu. Kabla hajafunika mkebe, simu yake ilikuwa imeshalia, na wanachama wote arobaini wa chama cha maziwa walikuwa wameshaona jina lake kwenye grupu ya WhatsApp, lenyewe tu likiwa na alama nyekundu. Hiyo ilikuwa siku ya tisa.

Vijiti hivyo vililetwa kwa majaribio na msichana mpole wa kutoka Ruiru, jina lake Dianah. Kila mkulima alipewa chake. Dianah alieleza kwamba kijiti hakijui maziwa ni nini, kitajifunza kwao wenyewe. Kwa hiyo wiki mbili za kwanza wakitumbukize tu kila asubuhi, kikusanye habari za maziwa ya watu wote. Baada ya hapo kitawasha kijani kikiona maziwa ya kawaida, na nyekundu kikiona kasoro, na jibu litaingia lenyewe kwenye grupu. Watu walipiga makofi. Kile kipimo cha kioo cha zamani, cha kugundua maji kwenye maziwa, kilikuwa kimevunjika mwaka juzi, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kununua kingine.

Kasoro gani, kijiti hakikusema. Watu ndio waliosema. Maziwa yatakuwa na kasoro gani nyingine kama si maji?

Wavinya alikuwa na ng'ombe watatu hapo nje ya Thika, na kitu pekee alichojivunia duniani, ukimwacha binti yake Mumo, ni maziwa yao. Sasa kanisani wanawake walimwachia nafasi kubwa kwenye benchi kuliko alivyohitaji. Walimsalimia vizuri sana, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Mtu wa kwanza ambaye Wavinya alimshuku alikuwa Owino, aliyemkamulia kwa miaka minane. Alimwuliza, Owino akaapa kwa jina la watoto wake. Kesho yake taa ikawa nyekundu, naye Wavinya akamwambia afunge virago. Owino alikunja koti lake la mvua, akawapitia ng'ombe mmoja mmoja akiwashika shingo, akaondoka kwa miguu kuelekea barabara ya Garissa.

Siku iliyofuata Wavinya alikamua mwenyewe, mlango wa zizi ameutia komeo. Nyekundu. Hapo akajua amemfukuza mtu bure. Akapindua ndoo, akaikalia, akalia. Alimpigia Owino mara nne, na simu haikushikwa.

Daktari wa mifugo alikuja, akapima ng'ombe, akasema wana afya kumshinda yeye. Dianah naye alikuja akakichunguza kijiti, akasema ni kizima, lakini kwa kumwonea huruma akamletea kingine. Hicho kipya nacho kikawaka vilevile.

Jioni ya siku hiyo ya tisa, mwenyekiti wa chama, Njau, alifika na mkewe Idah. Wavinya aliwapikia chai. Njau alizunguka weee, akauliza habari za mvua, za mahindi, za Mumo, kisha akasema kamati imekaa. Kesho taa ikiwa nyekundu, maziwa yake hayatapokelewa tena, na jina lake litafutwa. Upande ule hapakuwa na mnunuzi mwingine. Wavinya alimwambia kwamba hajawahi kutia hata tone moja la maji. Njau akajiongezea sukari kwenye chai. Idah, aliyekuwa kwenye kikombe cha pili, alisema tu kwamba chai ya hapa hushibisha kama uji, ya kwake haitokangi hivi.

Walipotoka, Njau alitangulia. Idah akabaki nyuma langoni.

"Mama Mumo, kila mtu ako na makosa yake," akasema taratibu. "Wewe omba tu msamaha, maneno iishe. Si unajua, lisemwalo lipo."

"Na kama halipo?"

"Kama halipo, laja."

Asubuhi Wavinya alikamua kwa hasira, hata ng'ombe wakamshangaa. Siku tisa ameitwa mwizi bila kuiba. Leo watamfukuza, apende asipende. Basi angalau wamfukuze kwa kosa alilolifanya. Alikwenda kwenye tangi la mvua, akachota vikombe vitatu vilivyojaa, akavimimina vyote kwenye mkebe. Maishani mwake hakuwa amefanya jambo kama hilo, na aliona aibu hata mbele ya ng'ombe. Akakoroga. Akatumbukiza kijiti, akangoja.

Kijani.

Simu ikalia. "Hongera, Mama Mumo," Njau alikuwa ameandika. "Sasa hayo ndiyo maziwa." Na chini yake, mmoja baada ya mwingine, wanachama wengine wote wakampigia makofi.