Jani la Langoni

Mama Pacha aliinama langoni kama anayefunga kiatu, akachuma jani kwenye chungu cha kwanza na kulificha ndani ya mkono wa sweta. Nje, mkaguzi wa serikali alikuwa anashuka kwenye gari.

Langoni walikuwa wamepanda maua ya mbegu ya zamani, yasiyo na neno. Balaa lilipandwa ndani ya banda la maua, safu ya nyuma: mbegu mpya alizonunua mumewe, eti zingetoa rangi ambayo hakuna mwenye nayo. Kumbe zilichezewa vinasaba maabara, na serikali ilikuwa imezipiga marufuku. Jani moja tu likikutwa na vinasaba hivyo, banda zima linachomwa. Kuyang'oa maua hayo kusingesaidia, kwani mkaguzi alikuwa na majina ya wanunuzi wote. Bahati pekee ni kwamba hayakuwa yamechanua, na majani yake yalifanana na ya mbegu ya zamani.

"Mama Pacha, ngoja nikwambie kitu." Mumewe alikuja akihema, ana udongo hadi viwikoni.

"Umeshaniambia mengi, Baba Pacha. Ndiyo yaliyotufikisha hapa. Leo funga mdomo."

Akafunga. Wala hakuonekana na hofu, jambo lililozidi kumkera mkewe. Banda hilo ndilo lililowalisha watoto; likiungua, hawakuwa na pengine pa kushika.

Mkaguzi alikuwa mtu mpole. Aliingia bandani, akavaa glavu na kufungua kichupa cha dawa.

"Ya mbegu mpya ni yapi?"

"Safu hii ya nyuma."

"Nichumie jani moja, mama."

Mama Pacha alipeleka mkono kwenye chungu, akageuka na lile la kwenye sweta. Mkaguzi akalisaga kwenye dawa, akachovya kijiti cha kupimia.

"Mstari mmoja, mko salama. Ikiwa miwili, mtanisamehe."

Wakasubiri. Mstari wa kwanza ukatokea. Kisha, taratibu, wa pili.

"Pima tena." Mama Pacha alimshika mkaguzi mkono. "Nakuomba, kaka yangu. Chuma mwenyewe, pima lingine."

"Sheria inataka moja tu. Pole sana, mama." Akatoka kwenda kuleta petroli.

Baba Pacha alibaki amekodolea macho kile kijiti.

"Haiwezekani," alinong'ona. "Asubuhi, ulipokuwa unawaogesha watoto, nilibadilisha vyungu vyote. Yale mabaya nimeyapanga langoni."