Mabawa ya Bibi

Siku hizo udongo wa shamba ulikuwa ukisema kwa sauti ya aliyezikwa humo, na kila mwanamke wa ughaibuni alitumiwa ndoo ya udongo wa kwao. Zamaradi, mfinyanzi wa Liverpool, akaufinyanga sanamu ya bibi wa ukoo, ambaye ilisimuliwa kwamba aliwaponyoka wateka watumwa kwa mabawa.

"Mabawa?" sanamu ikafoka. "Nani kakwambia mimi kunguru? Nilikimbia kwa miguu, tena na goti bovu! Na kaniki yangu iko wapi? Unataka kunianika uchi mbele ya wageni?"

Zamaradi akayavunja mabawa, akamfinyangia kaniki, kisha akaunyanyua udongo uliobaki akautupe.

"Uache huo, mjukuu wangu."

"Wa nini tena, Bibi?"

"Wa sanamu yako," ikajibu kwa upole. "Pembeni yangu pana nafasi."