Zoezi la Salamu

Tii! Kulikuwa hakujapambazuka bado kisanduku cha ukutani kilipolia gizani, kikauliza: "Mmeamkaje?" Sheria ilitaka kila mtu mzima ajibu mwenyewe. Aliyenyamaza siku tatu mfululizo alitembelewa na mkaguzi, na akishindwa kuongea naye, alipelekwa Kambi ya Utulivu. Pale mtaani hakuna aliyewahi kurudi kutoka huko.

Kwa Sadala, hii ilikuwa siku ya tatu. Tangu mwezi uliopita haogi mpaka asukumwe, cherehani yake ameifunika shuka, na chai haigusi kwa kuwa, anasema, sufuria inamsengenya.

"Baba Tunu, mkaguzi anakuja leo," mkewe Zamoyoni alimbembeleza huku akimfunga vifungo vya shati. "Hebu turudie zoezi. Tunu mwanangu, wewe ndiye mkaguzi."

Tunu, mwenye miaka minne, akakunja uso. "Habari za asubuhi, mzee?"

"Nzuri tu. Karibu chai," Sadala akajibu, na hata akacheka. Zamoyoni akamwona mume wake amerudi, machozi yakamlengalenga.

Saa mbili mkaguzi akaingia, mwanamke mpole mwenye viatu safi. "Habari za asubuhi, shemeji?"

Sadala akaikodolea macho sufuria. Midomo ikacheza, sauti isitoke. Zamoyoni akamkanyaga mguu chini ya meza. Mkaguzi akatazama saa yake, akasubiri.

Tunu akamvuta baba yake mkono.

"Baba, sema kama mama alivyokufundisha."